Kimya cha Mfini

Jumatatu, 4 Agosti 1975

Mfini amefika Kitomanga. Bwana Heki, mtaalamu wa maji. Mrefu, mweupe kama muhogo uliomenywa, maneno hana. Mgeni njoo, mwenyeji apone, basi kijiji kizima tulikuwa ofisini kumpokea. Mwenyekiti wetu, Mzee Huseni, akamwuliza habari za safari, za nyumbani, za wazee, za mvua za kwao. Mgeni akajibu nzuri moja, ya jumla, akauliza kisima kiko wapi. Wazee wakatazamana. Nikawatuliza. Mimi Mfaume, karani wa kijiji na mkalimani, Wazungu nawajua. Nilikaa miaka miwili na Mgiriki kwenye shamba la mkonge. Wazungu wote ni wamoja.

Habari kubwa: mradi utampeleka mtu mmoja wa hapa Ufini, miezi tisa, akasomee mashine za maji. Akirudi ndiye msimamizi wa pampu. Mtu huyo ni mimi. Mzee Fakihi alishasema hamwozi binti yake Biasha kwa mtu wa kushika kalamu tu. Anataka mkwe mwenye cheo. Na Biasha nampenda hadi wali haunishuki. Lazima niende.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemwendea Heki asubuhi. Nikaanza kwa adabu: salamu, sifa za nchi yake, sifa zake, sifa zangu. Robo saa ya sifa zangu, na nilizifupisha. Nikagusia nafasi ya Ufini. Hakujibu. Akanitazama. Akatazama dirishani. Akanywa kahawa. Kimya kirefu, uji ungeiva.

Nimetoka hapo furaha tupu. Nani asiyejua? Mwali akiulizwa kama anamkubali mume, akanyamaza, ndiyo idhini yenyewe. Shehe anafungisha ndoa na watu wanakula pilau. Mfini amenikubali.

Nikapitiliza kwa Mzee Fakihi kumpa habari. Akasema kama ni kweli, nilete barua ya posa. Nimeipeleka kabla ya magharibi. Kurasa tatu.

Alhamisi, 7 Agosti

Jana Heki aliitisha mkutano. Akaomba watu wote wafike leo asubuhi kuchimba mtaro wa bomba. Wanakijiji wakaitikia kwa sauti moja: inshallah. Akaniuliza maana yake. Nikamwambia ndiyo. Akaandika kwenye daftari: watu mia na ishirini.

Leo kumetokea maziko Mchinga. Tumekwenda wote. Mtaro upo kesho na keshokutwa, maiti hangoji. Kurudi alasiri tukamkuta Heki ndani ya mtaro na mtu mmoja tu, Klementi. Huyu ni Mkatoliki wa kule milimani, alihamishiwa hapa mwaka jana wakati wa operesheni ya vijiji. Fundi baiskeli. Mtu mkavu kweli. Ukimwamkia anaitikia, basi, hata “na wewe je” hana. Wamechimba kutwa nzima bila kuambizana neno. Nimemwonea huruma Klementi. Bosi asipokuongelesha kutwa nzima, ujue hakupendi.

Heki akaniuliza mbona jana watu walisema ndiyo. Nikamweleza kwamba ndiyo ya jana haikuwa ya leo. Akanyamaza tena. Idhini ya pili hiyo.

Jumapili, 10 Agosti

Sina nguvu ya kuandika, lakini nitaandika.

Leo nilifanya karamu ya kujiaga. Nimechinja beberu wangu, na sina mwingine. Nikaazima koti zito la baridi, nikalivaa juani. Mgeni rasmi, Heki. Nikahutubia, nikaishukuru Ufini na watu wake. Mwenyekiti akamwomba mgeni aseme neno. Akasimama, akasema maneno yasiyozidi ishirini: nyama ni nzuri, lakini hajui ni nani anayeagwa, kwa sababu anayekwenda Ufini ni Klementi na jina lilitumwa juzi Ijumaa. Akaketi, akaendelea kula.

Watu wote wakanigeukia niwatafsirie. Nikatafsiri: nyama ni nzuri.

Klementi alisoma kwa mapadri, Kiingereza anakijua. Akakohoa. Akasema hiyo ni nusu tu, kisha akaitafsiri nusu ya pili. Sentensi yake ya kwanza tangu ahamie, na ameitoa kwenye karamu yangu!

Mzee Fakihi akaongeza nyama, akasema debe tupu haliachi kuvuma, akanirudishia barua ya posa. Ukurasa wa pili una mchuzi. Biasha alicheka. Nimeumia moyo, sifichi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimemkabili Heki. Kwa nini alinyamaza siku ile? Akasema kwao mtu akikuambia jambo, unanyamaza kwanza ulifikirie. Alilifikiria. Akaona hapana. Nikamwuliza mbona hapana hiyo hakuitamka. Akasema alitaka kuitamka, mimi nikawa nimeshatoka mbio. Na Klementi alimwomba vipi? Hakuomba, alichimba.

Sasa nimeelewa. Dawa ya Mzungu ni kunyamaza. Wazungu wote ni wamoja.

Jumatano, 13 Agosti

Amekuja Mtaliana kufunga mashine, Bwana Karlo. Huyu anaongea kwa mdomo na mikono. Mguu mmoja bado uko garini, ameshamkumbatia Mwenyekiti na kuulizia wajukuu. Wazee wamempenda papo hapo. Heki alipomwona akaenda kukaa mtaroni.

Karlo akatangaza kwamba Klementi akiwa Ufini atahitajika mtu wa kuendesha pampu. Nani anaitaka kazi? Nikatafsiri, kisha nikanyamaza. Nikamtazama. Nikatazama dirishani, ingawa tulikuwa nje. Akaniuliza mimi mwenyewe kama naitaka. Kimya. Akanipiga bega, akauliza mara ya pili, ya tatu. Nikakaza. Akawauliza watu kwa mikono kama naumwa.

Ndipo Biasha, ndoo kichwani, akasema yeye anaitaka. Amechota maji tangu ana miaka sita, hakuna mwanamume hapa anayejua uzito wake. Wanaume wakacheka. Klementi akamtafsiria Karlo, naye hakucheka. Akamkabidhi ufunguo palepale.

Jioni Mzee Fakihi alizunguka kijiji kizima kusalimia watu aliokwisha kuwasalimia asubuhi.

Ijumaa, 15 Agosti

Maji yametoka. Wanawake walipiga vigelegele, Karlo akalia machozi, Heki akaitikia kwa kichwa mara moja.

Baada ya sala nimemwendea Mzee Fakihi na barua mpya, isiyo na mchuzi. Akasema mambo yamegeuka: sasa mwenye cheo ni binti, yeye hawezi kumsemea. Nikamwulize mwenyewe.

Nikaenda kisimani. Biasha alikuwa ameinama, anaipaka mashine grisi. Nikamwuliza kwa heshima zote kama atakubali niwe mume wake. Hakujibu. Akanitazama. Akaitazama mashine. Akajifuta mikono polepole, akavuta kamba, mashine ikaanza kunguruma, akaniacha nimesimama.

Hata neno moja hakusema.

Nimeshapita kwa Shehe, tumepanga Jumapili. Mbuzi ataniazima Klementi. Nimemwomba jioni hii, naye hakusema kitu.