Ombi la Kupewa Ukurasa wa Kwanza Peke Yake

Ndugu Mkuu wa Maabara,

Natumaini mashine zako hazijambo, maana ndizo ninazozilalamikia.

Mimi ni muuza dawa ya mizizi nyuma ya kituo cha mafuta, huu mwaka wa kumi na mbili. Sikurithi kitu, nilianza na kinu kimoja na baiskeli ya kuazima. Mwezi uliopita nilikuletea chupa tatu za dawa yangu ya kuhara ili nipate kibali cha kuuza. Nimerudishiwa kurasa mbili. Wa kwanza unasema dawa inaua bakteria. Wa pili unasema ndani mna risasi, yale madini ya kwenye betri za magari, mara kumi na nne ya kiwango kinachoruhusiwa, kwa hiyo kibali hakuna. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwenye kisahani chenu cha bakteria, dawa yangu ilisafisha duara la milimita 19. Ya hospitali, 22. Nimepiga hesabu, ni asilimia 86. Nyinyi mmeandika "uwezo wa wastani". Mtoto wako akirudi nyumbani na 86, unamwambia ni wa wastani?

2. Sikuomba kutafutiwa risasi. Hii ni sawa na kumpelekea fundi cherehani suruali abadili zipu, naye akae asome barua zilizomo mfukoni.

3. Binti wa dirishani alinisomea majibu kwa sauti, foleni nzima inasikia: "Baba, dawa yako inaua kweli. Shida yake ni kwamba haichagui." Walicheka watu kumi na mmoja, nimewahesabu. Kufika dukani, habari imenitangulia. Jirani yangu fundi simu akaniuliza, "Mzee, nikinywa vijiko viwili, si simu itajichaji yenyewe mfukoni?"

4. Mmeandika kwamba "huenda chanzo ni chombo cha kuchemshia". Chombo hicho ni sufuria ya lita sitini aliyonitengenezea shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kwa vyuma chakavu. Nimemhoji. Anasema aliyeyusha redieta, vitasa vya milango, na "betri moja tu shemeji, tena ndogo". Lita sitini kwa betri moja ndogo! Gawanyeni wenyewe.

5. Haya, tuseme risasi imo. Mizizi ni yangu, risasi ni ya sufuria, na sufuria ni kazi ya shemeji. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza unanihusu mimi, wa pili unamhusu yeye.

6. Tena hicho kiwango nani alikipima? Kitu kidogo sana, hata ukikizidisha mara kumi na nne, bado ni kidogo. Labda kinachohitaji kuongezwa ni kiwango.

Naomba basi unipe ukurasa wa kwanza peke yake, wenye muhuri, niutundike ukutani. Wa pili mpelekee shemeji. Anwani yake nimeambatisha. Bila kibali, Ijumaa ijayo wanakuja kunifungia duka, na miaka yangu kumi na miwili itakuwa imeishia kwenye karatasi yako.

Nisalimie binti wa dirishani, kijana wa visahani, mlinzi wa getini aliyeniangalizia baiskeli, na bakteria waliosalimika.

Wako, ambaye hafungi duka kwa sababu ya karatasi,

Muuza Mizizi, nyuma ya kituo cha mafuta

Nyongeza: Duka nimelifunga mwenyewe, siku ile ile ya majibu, na sufuria nimeitoboa kwa nyundo. Kutoka kwenye sufuria hiyo niliuza chupa 212. Nimepita nyumba kwa nyumba, nimekusanya 187, nyingi zikiwa nusu. Hao waliokwisha kunywa niwaambie nini? Niandikie, hata mstari mmoja. Zimebaki 25. Mbili alizichukua mama mjamzito mwenye gauni la kijani, simjui anakokaa. Akija hapo dirishani kwenu, tafadhali asipange foleni.