Kinanda Gani Kianze Kusalimia

Gazeti la asubuhi la mji wa Hamamatsu, Japani, liliandika kwa herufi nene kwamba vinanda vya umeme vya kesho vitafahamiana vyenyewe. Ukiviunganisha viwili, kila kimoja kitajitambulisha na kueleza kinaweza kufanya nini, ndipo vianze kupiga pamoja. Hachiya, ambaye mgahawani kwa Mama Tokiko huitwa Waya kwa kuwa alizeekea kwenye kuchomelea nyaya kiwandani, aliisoma habari hiyo akacheka mpaka kahawa ikampalia.

"Miaka arobaini vinanda vinaongea lugha moja, tena fupi: piga sauti hii, kwa nguvu hii, basi. Leo mnataka vipeane kadi za kazi kwanza?"

Maneno yalimlenga Nagasaka, aitwaye Kamati kwa kuwa mwaka wa kumi na moja huu yumo kwenye kamati inayoandika lugha mpya ya vinanda. Sura ya salamu katika kitabu cha lugha hiyo ni yake. Saa nane mchana wageni kutoka Marekani walikuwa wanakuja kuiona ikifanya kazi, na ikigoma wangeichukua wakaiandike upya kwao.

"Waya, umeachwa nyuma," Kamati alisema. "Lugha ya zamani ni ya upande mmoja. Huyu anaamuru, yule anatii."

"Kama kwako nyumbani, na hamjawahi kuunda kamati."

Mama Tokiko alicheka huku akikata mkate. Odagiri hakucheka. Huyu ni mshauri wa kiwanda kinachoshindana na cha Kamati, na wamemwita Tafadhali kwa sababu hajawahi kumtangulia mtu yeyote mlangoni. Waya akawatazama wote wawili, akanusa jambo.

"Mbona mmenuna? Majaribio ya jana yalikwendaje?"

"Kimya," alisema Kamati.

"Kimya kivipi?"

"Tuliunganisha kinanda chetu na chao. Havikutoa hata sauti moja. Kila kimoja kinangoja mwenzake asalimie."

"Kwani kitabu chenu kinasemaje?"

"Kwa desturi, mdogo ndiye huanza kumsalimia mkubwa. Tukabishana miaka minne kiwanda kipi ndicho kidogo."

"Hatukubishana," Tafadhali alisahihisha kwa upole. "Tulishauriana."

"Mkaafikiana nini?"

"Kwamba chochote kinaweza kuanza."

"Halafu kila mtu akaenda kukifundisha cha kwake kungoja," Waya alimalizia.

Waya aliwaza kwamba hata samaki aina ya mkunga kwenye beseni la mwuzaji huwapa wenzake nafasi bila kikao.

"Wasomi wazima," alisema. "Mmekipa chuma masikio, mkakipa mdomo, mkaona bado, mkakipa na kiburi chenu. Mmoja wenu ainame, jamani. Aibu yenyewe ya dakika moja."

Kamati alikuwa amepauka, na Waya alimwonea huruma pamoja na dharau yake yote, maana huyu mtu alikosa hata harusi ya bintiye kwa ajili ya vikao vile. Baadaye kidogo Kamati akasema anakwenda msalani. Tafadhali naye akakumbuka kuitazama baiskeli yake nje. Walirudi karibu pamoja, nyuso zimenawiri.

"Mzee mwenzangu," Kamati alianza, akamwinamia Tafadhali, "nimewapigia vijana wangu. Chetu kitasalimia kwanza."

Tafadhali aliduwaa. "Lakini na mimi nimewapigia wangu. Nimesema chetu kianze."

"Safi," alisema Waya. "Sasa vyote vitaropoka kwa mpigo na msikilizaji hakuna."

"Basi nakirudisha changu kwenye kungoja," Kamati alisema, mkono uko kwenye simu.

"Haiwezekani, nitarudisha mimi."

"Usijisumbue, tafadhali."

"Kosa ni langu."

"Langu zaidi."

Wakainamiana tena, simu zote mbili masikioni, na kila mmoja akamsikia mwenzake akitoa amri ileile kwa vijana wake: kingoje.

Mama Tokiko alikuja kukusanya vikombe. "Hao wageni ni Wamarekani kweli?"

"Ndio, Mama."

"Basi msihangaike. Hao wakifika mlangoni tu watasalimia, hawaulizi mkubwa nani."

Kamati aliiweka simu mezani. Waya akakunja gazeti, akachukua kofia yake.

"Na anayeanza kusema ndiye atakayeiandika hiyo lugha, Kamati. Nenda ukafanye mazoezi ya kuitikia."