Mashine ya Kumpokea Baba Mkwe

Jumatatu, 1 Juni 1998

Barua ya mke wangu Koku imefika kwa mkono wa kondakta wa basi. Yuko kwao Bukoba wiki ya pili sasa. Anarudi Jumamosi, na baba yake. Baba yake! Mzee Bagenda, mwalimu mstaafu wa ufundi, mtu anayepima mlango kwa macho kabla hajaingia. Tangu meli ya Bukoba izame mwaka juzi, meli hapandi. Watakuja kwa basi, wavuke kwa kivuko cha Kamanga. Koku ameandika wazi: mzee amesikia kwamba tangu kiwanda cha pamba kitupunguze kazi, mimi nakaa tu. Akinikuta nimekaa, anarudi na binti yake.

Nimeisoma mara nne.

Kosa ni langu kidogo. Mwezi uliopita nilimwandikia mzee kwamba nimebuni mashine ya kukamua ndizi. Wahaya wanazikanyaga kwa miguu mpaka leo. Mimi Msukuma nitawaokoa kwa gia. Niliandika kwamba inafanya kazi vizuri sana. Haipo. Kuna mpini, gogo la kusagia na fremu yake.

Siku tano. Kwa mtu mwenye akili zinatosha.

Jumanne, 2 Juni

Gia za chuma siziwezi. Nitachonga za mbao. Nimekwenda kwa Winnie, yule dada mwenye kompyuta pale karibu na Makoroboi. Kompyuta inagawa duara sawasawa, mkono wa binadamu hauwezi. Unachapa picha ya gia, unaibandika juu ya ubao, unafuata mstari kwa msumeno. Nani atashindwa?

Umeme ulikatika mara mbili. Gia ndogo ya meno kumi na mbili ilitoka safi. Kubwa, ya meno thelathini na sita, Winnie alisema itataka karatasi nne za kuunganisha. Karatasi nne! Kama viraka vya suruali. Nikamwambia aibane ienee karatasi moja, mambo ya kuunganisha yanaondoa heshima. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba fundi ni mimi.

Sasa mbao. Ndalahwa, seremala jirani yangu hapa Kiseke, anazo tele. Lakini nilishasema mbele za watu kwamba vitanda vyake vinalia kama bata. Siwezi kumwomba.

Jioni nimekaa chumbani, nikatazama ubao wa kichwani wa kitanda chetu. Mvule mtupu! Mnene, mpana, umekauka vizuri. Mzee Bagenda aliuchonga mwenyewe, zawadi ya harusi: korongo wawili wanatazamana. Nikajiambia: hapana, Mayala. Hapana!

Jumatano, 3 Juni

Nimeukata.

Nilifikiri kwa utulivu kwanza. Baba mkwe haingii chumba anacholala binti yake na mumewe. Ni mwiko, kwao na kwetu. Hata akiugua atalazwa sebuleni. Basi ubao ule hatauona tena maisha yake yote. Koku nitamweleza taratibu, baada ya sifa. Upande wenye nakshi nitauelekeza ndani ya mashine.

Nimebandika karatasi kwa uji wa muhogo, nikakata kutwa nzima. Mkono umekufa ganzi. Saa kumi nikaziunganisha gia zangu mbili. Hazikamatani! Meno ya ndogo mapana kama vidole gumba, ya kubwa membamba kama ya mtoto. Kumbe ukiibana picha, na meno yanabanwa. Winnie kaniharibia!

Korongo mmoja amekwisha. Amebaki mmoja.

Alhamisi, 4 Juni

Winnie alinikumbusha kwa upole kwamba aliniuliza. Kuna watu wana kumbukumbu mbaya sana za wenzao. Karatasi nne, basi. Nikaunganisha, nikabandika, nikamkata korongo wa pili.

Zimekamatana! Krr-krr-krr, mpaka nikaruka. Nikanunua ndizi soko la Kirumba kwa majaribio. Nikazungusha mpini kwenda mbele. Gogo likazunguka kurudi nyuma, likanitemea ndizi kifuani. Gia mbili zikishikana, kila moja huenda kwake, kama mimi na Ndalahwa. Je, mzee akizungusha? Atapigwa ndizi na mkwewe!

Dawa ni gia ya tatu, ikae katikati, igeuze mwendo. Ubao wa kichwani umekwisha. Nimeutazama ubao wa miguuni. Nao ni mvule.

Ijumaa, 5 Juni

Gia ya tatu iko tayari. Gogo linakwenda mbele. Mimi ni mhandisi!

Kitanda hakina kichwa wala miguu. Nimekikalisha juu ya mawe manne. Mwanza hatujakosa mawe. Shuka refu limefunika.

Ndalahwa alichungulia juu ya ukuta, akauliza gia ya katikati ni ya nini. Nikamweleza kitaalamu. Akauliza kwa nini sikuuzungusha tu ule mpini kinyume.

Nikamwambia akatengeneze bata wake.

Jumamosi, 6 Juni

Naandika haraka, maandishi yatasomeka hivyo hivyo.

Mchana nilisikia kivuko kimekwama kwenye magugu maji. Niliyaombea magugu maji yazidi. Hayakuzidi. Saa kumi wamefika, mzee na mkungu wa ndizi za kukamua, Koku na mabegi. Nikasema shikamoo baba, akaitikia marahaba huku akitazama kizingiti cha mlango. Koku akataka kupeleka mabegi chumbani. Nikamziba njia. Nikasema mashine kwanza, mabegi baadaye! Akanitazama kama mtu aliyenusa mboga iliyolala.

Mzee alimenya ndizi mwenyewe. Ndalahwa naye akajileta. Nikazungusha. Krr-krr-krr. Juisi ikatoka! Kikombe kizima! Mzee akatikisa kichwa polepole, akaniita mwanangu. Mwanangu! Koku akatabasamu, mara ya kwanza tangu nipunguzwe kazi. Ningeishia hapo. Lakini moyo ulijaa, nikaongeza kasi.

Tak! Jino likakatika, likaruka, likatua mguuni kwa mzee.

Aliliokota. Akasema kwa sauti ya darasani kwamba jino lililokatwa kukingama nyuzi za mti lazima livunjike. Kisha akaligeuza upande wa pili, akalipapasa kwa kidole gumba. Likamtazama: jicho la korongo.

Mwiko ulimzuia mzee asiingie chumbani. Haukulizuia jino kutoka.

Aliniuliza jambo moja tu, kama nimekikata kitanda kizima. Koku akaingia na mabegi, akayatupa kitandani. Tukasikia mawe yakiporomoka, moja, mawili, yote manne.

Mzee hakugomba. Ingekuwa afadhali. Alivua viatu, akanawa miguu, akakunja suruali, akazikanyaga ndizi zilizobaki ndani ya beseni, zisiharibike. Juisi ilikuwa tamu kuliko yangu. Ndalahwa aliomba kuongezewa.

Jumatatu, 8 Juni

Wameondoka, wote wawili.

Koku hakulia wala hakutukana. Aliniambia kwamba ubao angenisamehe. Kilichomuuma ni kuzibiwa njia nyumbani kwake ili ashangilie uongo. Nimeona aibu kweli.

Mzee ni muungwana. Alikwenda kwa Ndalahwa, akarudi na mbao mbili za mvule, zimeshapigwa randa na kukatwa kwa kipimo. Akanichorea kwa penseli: tundu hapa, skrubu hapa, basi. Bila korongo. Kazi ya nusu siku, alisema. Siku kitanda kitakaposimama, nimwandikie barua, naye atamrudisha Koku mwenyewe.

Nimelala kwenye godoro sakafuni. Mto unanukia mafuta yake ya nywele. Kesho asubuhi naanza. Nusu siku tu!

Jumatano, 10 Juni

Jana sikuanza. Nilikuwa nafikiri.

Ukweli ni huu: ubao mtupu wenye skrubu nne hata Ndalahwa anaweza. Koku atarudi, ataona ubao, halafu? Hataona kwamba nimebadilika. Lakini fikiria ubao wa kichwani unaolala nyuma taratibu mtu akitaka kusoma! Mpini mdogo pembeni, gia mbili. Mbili tu, si tatu, makosa yanafundisha. Mzee mwenyewe atavunja mwiko aje kuona.

Asubuhi nilikwenda kwa Winnie. Safari hii gia kubwa ina meno arobaini na nane. Akaanza tena habari zake za karatasi nyingi. Nikamkatiza. Nikamwambia aibane ienee karatasi moja. Kitu cha kumpokea mke hakiwezi kuwa na viraka.

Hakuniuliza kama nina hakika. Ameanza kunielewa.

Uji wa muhogo umeshapoa. Nimeibandika picha ya gia kubwa katikati ya ubao wa mzee. Imekaa vizuri sana. Barua ya Bukoba nimeiandika kabisa, imepelekwa stendi: njooni Jumamosi, kitanda kimesimama.