Kioo Kisichotaka Maji

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu kamwambia dada yake kwenye simu kwamba kazi yangu ni kuosha vioo. Kuosha! Miaka sita maabara, napaka vioo dawa inayofukuza maji, kisha kwa mwanga natoboa humo vidoa vinavyoyakubali, vidogo kuliko punje ya chumvi. Kila kidoa hushika tone lake. Profesa na wakubwa wengine wa maabara hufuga seli humo. Ijumaa familia za wafanyakazi zimealikwa maabara. Atajua kaolewa na nani.

Jumanne, 4 Machi
Mpango: vidoa vyangu vitaandika MPENZI. Nikimwaga maji, yatabaki kwenye herufi tu. Nimetoboa kwa siri wakati wa chakula cha mchana. Mama wa darubini, mpinzani wangu wa siku nyingi, kanifuma. Kasema nikwaruze pembe nijue upande wenye dawa, maana kwa macho pande zote ni sawa. Nimemjibu kichwa changu kinatosha. Anajifanya anajua. Kibaya zaidi, anajua kweli.

Alhamisi, 6 Machi
Kioo kimeanguka kabatini. Hakikuvunjika, Mungu mkubwa. Ila upande upi sasa? Nimekinusa. Nimeramba pembeni. Wapi. Nikamuulize mama wa darubini? Bora nikimeze.

Ijumaa, 7 Machi
Mke wangu kaja na gauni lake la sherehe. Nimemwaga maji. Yametapakaa mpaka kwenye viatu vyake. Kauliza kwa upole kama nimemaliza kuosha. Nilitamani ardhi inimeze. Mama wa darubini hakucheka. Kakifuta kioo, kakigeuza, kakimwagia maji. MPENZI, tone kwa tone, kila tone linang'aa kama lenzi. Mke wangu kasoma mara mbili, kisha kanishika mkono mbele ya Profesa. Nina furaha, sifichi. Ila njia nzima ya kurudi alimsifu mama wa darubini.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu kanyeshewa sokoni, karudi haoni kwa matone ya mvua kwenye miwani. Hapo ndipo sifa zangu zilipo. Kalala mchana, nimeichukua, nimekuja nayo maabara. Nimeipaka dawa. Sasa inaokwa nyuzi mia na ishirini ili dawa ishike, kama tufanyavyo kwa vioo. Fremu ni ya plastiki, lakini ni plastiki nzuri. Mama wa darubini leo hayupo, kwa hiyo hakuna wa kuniharibia. Kuna harufu kidogo. Nadhani ni dawa inashika.