Usiku wa Mkurugenzi Mkuu Kileleni

Mamlaka ya Milima ya Magharibi inayo furaha kubwa kuutangazia umma kwamba Tabora sasa ina mlima.

Wabishi walidai kuwa mlima huo ni jiwe tu la nyuma ya mtaa wa Ipuli, ambalo watoto hulipanda huku wakitafuna muhogo. Luhende, Kaimu Mkuu wa Kitengo cha Vilele, aliwaelimisha. Mlima hupimwa kuanzia baharini, na bahari iko Bagamoyo, kwa hiyo mlima wetu unaanzia Bagamoyo. Wapagazi wa misafara ya zamani iliyotoka huko walikuwa wakipanda mlima miezi yote ile, ila hawakuwa na afisa wa kuwajulisha.

Juu ya jiwe kikajengwa kibanda cha kulala wapandaji wazoefu, kisicho na mhudumu, kama vile vya kwenye milima ya theluji. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Nani angethibitisha kuwa mhudumu hayupo? Akapelekwa mtumishi mmoja, Masanja, akae ndani kuhakikisha hamna mtu, na kila alipokaguliwa alikutwa yumo. Luhende akaona atunge kanuni, akaibandika mlangoni: marufuku mtumishi yeyote wa Mamlaka, wa cheo chochote, kuwemo humu baada ya jua kuzama. Mkurugenzi Mkuu Wilbroad aliitia saini bila kuisoma, kama ulivyo utaratibu wa ofisi.

Luhende alikuwa amekaimu mpaka amechoka. Walioajiriwa nyuma yake walishathibitishwa zamani, na hata mkewe, Adelina, akikasirika humwita kaimu mume. Basi Wilbroad alipotamka, "Nikazindue kibanda kwa kulala humo. Nikiamka salama, nakuthibitisha," Luhende nusura alie.

Jioni wakapanda, Wilbroad kajifunga kamba kiunoni. Walifika kileleni soda ya Mkurugenzi ikiwa bado baridi. Mlangoni walimkuta Bi Minza, mama wa jirani, akikusanya mbuzi wake, na mawingu yametanda.

"Shikamoo, mama," Luhende akaamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mnahamia?"

Jua likazama. Wilbroad akasogea aingie. Luhende akasimama mlangoni.

"Samahani, mheshimiwa. Wewe ni mtumishi. Ukiingia, kibanda kitakuwa na mhudumu, na umma tumeshautangazia kuwa hakina. Saini ni yako."

"Luhende! Unataka kuthibitishwa, hutaki?"

Alitaka, Mungu shahidi. Lakini kanuni aliitunga mwenyewe, na aliipenda. Machozi yakamlengalenga na mlangoni hakuondoka.

Matone ya kwanza yakaanguka. "Mie si mtumishi wa mtu," Bi Minza akasema, "na hili jiwe nalipanda kila siku." Luhende akampisha kwa heshima zote. Akaingia yeye na mbuzi wake, wazoefu wote, akatia komeo.

Ikashuka mvua ya mawe. Yaligonga upara wa Mkurugenzi Mkuu bila kujali itifaki.

"Mama, fungua!"

"Si we' ndo mkubwa wao? Nimesikia, mtumishi haruhusiwi."

"Mimi si mtumishi!"

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi! Nimejiuzulu! Luhende, wewe shahidi!"

Komeo likafunguka. Wilbroad akalala katikati ya mabeberu wawili, na Luhende akabaki nje chini ya upenu, meno yakigongana, akilinda kutokuwepo kwa mhudumu.

Asubuhi Wilbroad alitoka akinuka beberu. "Bwana Luhende, yale ya jana yalikuwa maneno ya mvua tu."

"Nimeyapokea rasmi, mzee. Na kwa mujibu wa mwongozo, mkuu akiondoka, nafasi inashikwa na mtumishi wa cheo cha juu aliyepo kileleni." Akatazama huku na huku. Alikuwa peke yake.

"Mwangaluka, Kaimu Mkurugenzi," Bi Minza akamwamkia kwa kilugha chake.

Furaha ilimjaa Luhende kifuani. Neno kaimu lilimchoma kidogo, akalimeza.

Chini ya jiwe dereva Silasi alikuwa ameshawasha gari. Wilbroad akashika kitasa. Luhende akamwonyesha, kwa upole, maandishi ubavuni: kwa watumishi tu.

"Sasa mimi nitafikaje nyumbani?"

Luhende akaingia garini, akapandisha kioo, akabakiza upenyo wa kupitisha huruma.

"Wala usijali, mzee. Kutoka hapa ni mteremko tu mpaka Bagamoyo."