Waraka wa Kusitisha Rangi Nyekundu

Kuanzia tarehe kumi na tano ya mwezi wa Tahsas, saa tatu kamili asubuhi, rangi nyekundu ilisitishiwa huduma katika Idara Kuu ya Uangalizi wa Visima, Addis Ababa. Nasema hivi kwa mamlaka niliyokuwa nayo, maana waraka niliuandika mimi, Tekeste Haddis, Katibu wa Kamati ya Uwiano wa Rangi. Muhuri pia niliugonga mimi, mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza wino ulikuwa mwekundu.

Chanzo cha yote ni skrini. Kwa miaka mingi kompyuta zetu zilikuwa na skrini kuukuu, za kijivu kama uji uliopoa. Ramani yetu ya visima mia nne na kumi na viwili iliundwa hivi: pampu nzima ni doa la kijani, pampu mbovu ni doa jekundu. Lakini kwenye skrini zile madoa yote yalifanana, nasi tukawa tunaandika taarifa zenye amani. Halafu tukaletewa skrini mpya, na fundi wetu wa kompyuta, binti mmoja aitwaye Askale, akapewa kazi ya kuziweka sawa.

Askale alifanya kazi bila kibali cha kamati, eti kwa sababu kamati ilikuwa haijaundwa. Alisimamisha karatasi nyeupe kando ya skrini ya Mkurugenzi, akawa anabonyeza vitufe vya chini. Mwangaza akaupunguza, weusi akaukoleza, rangi akazilinganisha moja moja mpaka weupe wa skrini ukafanana na weupe wa karatasi. Alipojitenga pembeni, ramani iliwaka nyekundu kama pilipili iliyoanikwa juani.

Mkurugenzi wetu, Ato Shibeshi, yaani Bwana Shibeshi, mtu mnene mwenye sauti ya kuhutubia hata anapoomba chumvi, alishika kifua.

"We binti! Umeniulia visima!"

"Sijagusa visima, Gashe. Nimegusa skrini," alijibu Askale, maana Gashe kwetu ni heshima kwa mkubwa.

"Jana vilikuwa vizima!"

"Jana vilikuwa havionekani."

"Kwa mtumishi wa umma ni kitu kilekile," alisema Ato Shibeshi, na kamati ikaundwa kabla kahawa ya pili haijamiminwa.

Tulikuwa wajumbe watano, wote tuna miwani. Kikao cha kwanza kilipunguza mwangaza hadi sifuri. Wekundu ulitoweka, lakini na barua za posho zikatoweka nao, kwa hiyo azimio likatenguliwa kwa kauli moja. Kikao cha pili kilijadili kipimo cha skrini kiitwacho joto la rangi. Mjumbe mmoja aliomba lipandishwe hadi mwisho, kwa kuwa ofisi ilikuwa na baridi na yeye ana mafua. Tukalipandisha. Alikaa mbele ya skrini siku nzima bila koti, na kesho yake hakuja kazini.

Kikao cha tatu ndicho kilichogundua mzunguko wa rangi. Nilibonyeza kitufe, nikabonyeza tena, na mbele ya macho yetu nyekundu ikageuka kijani. Visima vilivyokufa vikafufuka vyote kwa mpigo. Kweli, kijani cha zamani kiligeuka bluu, na bluu ikageuka nyekundu, hivyo kila picha ya mbingu ilionekana kama nyumba inayoungua. Tuliliona hilo. Waraka uliagiza watumishi wanaotaka kutazama mbingu watumie dirisha.

Ato Shibeshi alifuta machozi. "Miaka ishirini na mbili ya utumishi," alisema, "sijawahi kuona maendeleo ya haraka namna hii."

Skrini zote zikawekwa hivyo, na vitufe vyake vikafunikwa kwa gundi na karatasi ya muhuri. Maombi ya vipuri vya pampu yakarudishwa, maana hakuna doa jekundu, na pasipo doa jekundu hapatoki kipuri. Askale alipopinga, alihamishiwa stoo kuhesabu mifagio.

"Watu watakunywa nini, kaka Tekeste?" aliniuliza akikusanya vitu vyake.

"Mambo ya kunywa yako chini ya idara nyingine," nilimjibu. Aliondoka na skrini yake ya mezani kwapani, na mimi, kwa kuwa ni mtu wa huruma, sikuiandikia taarifa ya upotevu.

Mwezi uliofuata alikuja mama mmoja kutoka Tikur Amba, kijiji cha nyanda za joto, safari ya siku mbili. Jina lake Weizero, yaani Bibi, Zenebech, mwenyekiti wa wachota maji. Alikuwa na shuka jeupe begani na chupa ya maji ya rangi ya chai mkononi. Akaiweka juu ya meza yangu, juu kabisa ya waraka.

"Pampu yetu imekufa tangu mavuno," alisema. "Ni mpira tu wa ndani umekwisha, mdogo kama kiganja. Watoto wanakunywa hii."

Nilimgeuzia skrini kwa heshima zote. "Mama, tazama mwenyewe. Tikur Amba. Kijani."

Alitazama muda mrefu. Nikadhani ameridhika.

"Mwanangu," alisema, "hicho kisima ulicho nacho humo ndani, kinatoa maji?"

"Kinatoa taarifa, mama."

"Basi kunywa taarifa." Akanisogezea chupa. "Au kunywa hii. Chagua."

Sikunywa. Nilimweleza kwamba ushahidi wa macho hautambuliki mpaka uwasilishwe kwa nakala tatu. Akainuka, akachukua chupa yake, na mlangoni akanong'onezana na mlinzi, kisha akamuuliza wapi panahesabiwa mifagio. Niliona ni swali la mtu aliyechoka na safari. Baadaye nilisikia kwamba yeye na Askale waliteremka pamoja hadi Ofisi ya Juu, ambayo kwa sababu lifti imeharibika iko ghorofa ya chini, wakakabidhi chupa na ramani iliyochapishwa kwa rangi zake halisi. Nakiri usiku ule sikulala vizuri. Nililaumu shiro ya jioni, ule mchuzi mzito wa unga wa dengu.

Wiki tatu zilipita. Asubuhi moja Ofisi ya Juu ikatutumia orodha kwa kompyuta. Maelezo yake yalikuwa mafupi: wenye majina ya kijani wanabaki Addis Ababa na kupandishwa daraja, wenye majina mekundu wanapelekwa kuishi na kufanya kazi kwenye kisima kibovu, mpaka kipone. Asiyeridhika akate rufaa kabla ya saa sita mchana. Atakayekubali kwa maandishi, rufaa yake imefungwa milele.

Ato Shibeshi aliita idara nzima ofisini kwake. Akashusha kidole kwenye orodha. Jina lake: kijani, tena kijani cha kukolea, kama mgomba baada ya mvua. Chini yake langu: kijani vilevile.

"Na huyu Askale mbona bluu?" aliuliza.

Nilisoma maelezo mara mbili. "Bluu haikutajwa, Bwana Mkurugenzi. Nadhani ni kosa la mchapaji."

"Maskini. Hata kufukuzwa hajafukuzwa vizuri."

Akanunua kondoo. Kufikia saa nne na nusu palikuwa na nyama, injera na pombe ya asali, na Ato Shibeshi alikuwa amesimama juu ya kiti akitushukuru kwa niaba yetu. Kisha akanituma niandike barua, tuiwekee saini sote wawili na kuipeleka kabla Ofisi ya Juu haijabadili mawazo. Niliandika kwa lugha ninayoijua: "Tunaipokea kwa moyo mkunjufu rangi tuliyopewa, na tunaomba utekelezaji uanze leo."

Nilifikisha barua saa tano. Karani wa Ofisi ya Juu aliisoma, akavua miwani, akasimama.

"Watu wengine hapa wamelia," alisema. "Mmoja amezimia. Ninyi mmechinja kondoo?"

"Sisi ni wazalendo," nilisema.

Akanishika mkono kwa mikono miwili. Machozi yalimlengalenga. Alituandalia gari hapohapo. Saa nane, Ato Shibeshi akiwa bado ana mafuta ya kondoo mdomoni, dereva alitufungulia mlango wa nyuma, na tukadhani tunapelekwa kuona ofisi mpya. Ni pale lami ilipokwisha ndipo Mkurugenzi aliponigeukia.

"Tekeste, ofisi mpya iko mbali kiasi gani?"

Dereva ndiye aliyejibu. "Tikur Amba, Gashe. Kesho jioni tutakuwa tumefika."

Hapo ndipo nilipokumbuka kitufe nilichobonyeza mwenyewe, mara mbili: kwenye skrini zetu, nyekundu ya watu wote ilisomeka kijani.

Sitaeleza wiki ya kwanza. Nitasema tu kwamba dumu la lita ishirini lina lita nyingi kuliko linavyoonekana kwenye jedwali, na kwamba mto uko bondeni.

Wiki ya pili gari lilileta kifurushi kutoka kwa Mkurugenzi mpya wa Idara. Ndani mlikuwa na mpira wa pampu, mdogo kama kiganja, na barua fupi yenye saini ya Askale: vitufe vimebanduliwa gundi, ramani inasomeka, vipuri mia mbili na sita viko njiani.

Kuubadilisha mpira ule ilibidi bomba lote livutwe kutoka kisimani. Weizero Zenebech alitupanga kwenye kamba, sisi wawili mbele, kijiji kizima nyuma. Tulivuta tangu alfajiri mpaka jua likapanda. Viganja vilichubuka. Bomba la mwisho lilipochungulia juu, likiwa limelowa na kung'aa, wanawake walipiga vigelegele, na Ato Shibeshi akapata tena sauti yake.

"Tekeste! Andika: mnamo tarehe ya leo, chini ya uongozi thabiti wa..."

Nilipeleka mkono mfukoni kutafuta kalamu. Bomba likateleza shibiri nzima kurudi shimoni.

"Utaandika baadaye, baba," alisema Weizero Zenebech. "Shika kamba."

Tukashika.