Tumbo la Fundi Saa

Jumatatu, 3 Machi
Sina shaka tena. Fundi saa anadanganya. Jana alinipita kwenye kilima, nikawa wa tatu kwa mara ya nne. Daraja letu la mbio za walemavu, za baiskeli za kuzungushwa kwa mikono, litapeleka watu wawili tu kwenye mashindano makubwa, nami nimeisubiri safari hiyo miaka sita.

Daraja la tatu ni la sisi ambao tumbo na mgongo havishiki mwili wima. Ukisukumwa, chini. Mtu wa namna hiyo hapandi kilima vile. Tumbo langu limethibitishwa na daktari: alinigusa bega nikaanguka kitandani. Huenda nilianguka kidogo kabla hajanigusa, lakini foleni ilikuwa ndefu.

Jumanne, 4 Machi
Nimempelekea saa mbovu, nikaidondosha makusudi. Mwenye tumbo zima angeinama kuiokota. Akatoa kijiti chenye sumaku nchani, akainyanyua. Nani anatembea na kijiti kama hana la kuficha?

Dada yangu, msusi, ameniuliza kwa nini muda huo nisifanye mazoezi. Nahisi anawasiliana na fundi saa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemnasa. Nyuma ya duka lake kuna dirisha la juu. Nilisogeza kiti changu cha magurudumu ukutani, nikajivuta kwa nondo, nikakaa kwenye ukingo. Daftari mkono huu, kalamu mkono huu. Robo saa nzima namwandika. Alikuwa anakula, mgongo wima kabisa.

Baadaye niliona amefungwa kwenye kiti kwa mkanda wa kifuani. Hilo halihusu barua nitakayomshtaki nayo.

Ijumaa, 7 Machi
Barua kwa jopo la wapimaji wanaopanga madaraja imekwenda. Nimeweka kila kitu wasije wakanitilia shaka: urefu wa dirisha, upana wa ukingo, dakika nilizokaa. Dada aliisoma mara mbili, akanisihi niichane. Sasa najua yuko upande wa nani.

Jumatano, 12 Machi
Jopo limeniita. Nikavaa shati jeupe.

Daktari akauliza ukingo ule una upana gani. Nikamwambia kama kiganja. Akauliza nilikuwa nimeshika nini wakati naandika. Nikasema sikushika chochote, mimi si mtu wa kuyumbayumba. Mwenzake akawa anaandika sana. Nikadhani anaandika habari za fundi saa.

Kisha daktari akanisukuma bega bila kunionya. Sikuanguka. Nilikuwa nimesahau.

Alhamisi, 13 Machi
Wamenihamishia daraja la nne, la wenye tumbo zima. Wamesema nikirudia mchezo ule nafungiwa. Fundi saa anasafiri, mimi nabaki. Nimelia, sifichi. Dada amenikumbatia, akasema angalau sasa nitashindana na watu wa saizi yangu.

Nimewachunguza hao wa saizi yangu. Anayeongoza ni mwalimu wa hesabu. Anadai miguu yake yote miwili ilikatwa. Anadai. Nani aliiona ikikatwa?

Kesho nampelekea zawadi ya soksi. Nitamtazama usoni akizipokea.